Mwenye Hofu Afunikwe

Shukrani zote na sifa njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu, akamtilia akili na moyo, na akaujua udhaifu wake kabla mwenyewe hajaulalamikia. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mlioko hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tuzungumze habari ya maradhi yasiyo na jeraha wala homa, nayo yamo katika nyumba zetu nyingi: hofu isiyokwisha, ambayo sisi kwa lugha yetu huiita wasiwasi.

Neno hili limetoka katika Kiarabu, na kwetu limebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni mnong'ono wa shetani, ambao Sura ya An-Nas inatufundisha kujikinga nao. Wa pili ni fadhaa ya mtu anayekaa akingoja baya lisilokuja: moyo wamwenda mbio, usingizi wamtoroka, tumbo lamchafuka. Kwa kuwa jina ni moja, watu hudhani na ugonjwa ni mmoja. Mzazi amwonapo mwanawe anatetemeka, husema, "Huyu ana shetani," au, "Imani yake ndogo." Hapo ndipo tunapokosea, na kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi chuoni aliyehifadhi vizuri. Akiwa peke yake alisoma bila ya kukwama. Akisimamishwa mbele za watu, ulimi ulimganda, jasho likamtoka, na herufi zote zikampotea. Nilimwita mvivu. Nikamsimamisha mbele ya wenziwe tena na tena, nikidhani aibu itamzindua. Siku moja hakuja. Mamaye ndiye aliyekuja, akaniambia, "Maalim, mwanangu usiku wa kuamkia chuo halali, huketi kitandani akihema mpaka alfajiri." Ndipo nilipojua kuwa sikuwa nikimtibu, bali nikimzidishia. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na kijana yule naye anisamehe.

Basi tutazame ni nini kinachompata mtu kama huyo. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, mna sehemu ndogo mfano wa lozi. Wataalamu huiita amigdala, na kwa Kiyunani maana yake ni lozi hiyo hiyo. Kazi yake moja kubwa ni ulinzi. Ikihisi hatari hupiga mbiu, na mbiu hiyo hufika hata kwenye tezi mbili zilizo juu ya mafigo, nazo zikamimina katika damu homoni iitwayo adrenalini, kisha na kortisoli. Papo hapo moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huenda mbio, damu hukimbilia misuli, na tumbo hulegeza kazi yake ya kusaga chakula. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili wajiandaa kupigana au kukimbia.

Hii ni neema, kwani bila yake mtu asingeokoka na simba. Lakini mlinzi huyu hachagui sana. Hupiga mbiu kwa simba, na hupiga mbiu kwa mtihani, kwa deni la dukani, na kwa habari iliyosomwa katika simu usiku wa manane. Na mbiu ikizidi, sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya kipaji cha uso, ambayo kazi yake ni kupima na kuamua, hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana mwanafunzi yule alipotewa na alichokijua. Elimu ilikuwamo, mlango ndio uliofungwa. Nami nilikuwa nikiupiga mlango huo kwa nyundo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nani mwenye imani kubwa kuliko Mtume wetu? Naye aliposhuka kutoka pango la Hira, baada ya wahyi wa kwanza, alifika nyumbani anatetemeka, akaomba afunikwe. Bibi Khadija hakumkemea wala hakumcheka. Alimfunika kwanza mpaka hofu ikamtoka. Kisha akamsikiliza, akamkumbusha wema wake kwa jamaa, kwa wanyonge na kwa wageni. Kisha akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, mtu mwenye elimu. Mambo matatu: kutuliza mwili, kusema kwa upole, na kumwendea mjuzi. Hiyo ndiyo tiba, na mpangilio wake ndio huo.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu.

Katika khutba hii ya pili, ndugu zangu, tuyatie mambo hayo katika vitendo.

Kwanza, mwili. Hofu ikikujia, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguza mwendo wa moyo. Msomaji wa Qur'ani kwa tartili anaijua pumzi hiyo. Na katika sala, tumaanina ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi: viungo vitulie katika rukuu na katika sijida. Asalaye mbio mbio amejinyima utulivu aliouendea. Punguzeni kahawa ya usiku, simu ziwekwe mbali na kitanda, na mwili utembezwe kila siku.

Pili, maneno. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Akausia kwamba mtu, angali mzima, ajiwekee akiba ya fikira njema za kumtuliza siku ya fadhaa, kama awekavyo dawa nyumbani kabla hajaugua. Dhikri ni akiba bora kuliko zote. Lakini msimpe mgonjwa dhikri kwa namna ya kumlaumu.

Tatu, mjuzi. Hofu ikidumu kwa majuma, ikamzuia mtu kulala, kula, kusoma au kufanya kazi, apelekwe hospitali. Yako mazungumzo ya tiba yanayomzoesha mtu kidogo kidogo kile akiogopacho, na ziko dawa. Wala asiziache ila kwa ushauri wa daktari. Aumwaye kifua asikae akidhani ni wasiwasi tu, apimwe. Na atakayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe siku hiyo hiyo. Kumfunga kamba na kumpiga si ruqya. Mtu aliyeuliza juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Na kwenda kwa daktari ni katika kumfunga ngamia.

Leo mrudipo majumbani, mtazame ni nani asiyelala. Msimuulize imani yake imekwenda wapi. Mfunikeni, msikilizeni, mwongozeni.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na hamu ya yajayo na huzuni ya yaliyopita. Waponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, na uzifanye nyumba zetu ziwe mahali pa amani. Amin.