Bunduki Ndogo ya Kuwindia Sungura na Kulinda Shamba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Mugumu)



Halmashauri ya tawi imetutaka tuseme maneno machache juu ya bunduki ndogo ya kuwindia sungura, ile ambayo watu wengi huiita "ishirini na mbili". Tumekubali kwa sababu swali hili limeulizwa sana na wanachama wenye mashamba, wa huku Serengeti na wa ng'ambo ya mto Mara, Tarime. Kila mmoja huuliza, "Ni bunduki gani iliyo nzuri?" Sisi twaona ya kuwa swali hilo laanzia mahali pasipo pake. Swali la kwanza lapasa kuwa hili: "Risasi yangu ikimkosa sungura, itasimama wapi?" Mtu akiisha kulijibu juu ya shamba lake mwenyewe, sehemu kubwa ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Tumjue kwanza mharibifu. Sungura wa nyika yetu si yule wa kufugwa bandani. Hachimbi shimo, hulala mchana juu ya ardhi katika nyasi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka. Uzito wake ni kama kilo 2 au 3 tu. Pamoja naye yuko kamendegere, ambaye huruka kwa miguu ya nyuma na hukaa mashimoni, na wengi wakiona macho yake yaking'aa mbele ya taa humdhania sungura. Wote wawili hutoka usiku. Hula kunde zinazochipua, majani ya viazi, karanga na mahindi machanga. Hawaharibu kwa kishindo kama tembo, bali hurudi kila usiku katika mstari ule ule mpaka mstari umekwisha. Tembo akiangusha shamba, mwenyewe hupeleka habari, na kanuni zilizotolewa mwaka 2011 zilimpa njia ya kuomba kifuta jasho, ingawa sisi tunaowaandikia wazee barua hizo twajua jinsi majibu yanavyokawia. Kwa sungura hakuna fomu. Ndiyo maana mtu huanza kufikiri bunduki.

Sasa bunduki yenyewe. Risasi yake ilitokea Marekani mwaka 1887, nayo haikubadilika sana tangu hapo. Upana wake ni kama milimita 5.6, na kipande kinachoruka ni madini laini ya risasi yenye uzito wa gramu 2.6 hivi. Katika risasi kubwa fataki huwekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika hii ndogo, dawa ya fataki imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huupiga ukingo huo. Kwa kuwa ukingo hauna budi kuwa mwembamba upate kubonyea, ganda haliwezi kustahimili nguvu nyingi za baruti. Kwa hiyo risasi ni ya bei nafuu, kishindo ni kidogo, bega haliumii, wala nyama ya sungura haisambaratiki. Ganda likiisha kupigwa hutupwa, maana halijazwi tena.

Faida hizo ndizo zinazowadanganya watu. Mlio ni mdogo, basi mtu hudhani hatari nayo ni ndogo. Sungura hupigwa vema kwa mita 50, na mpigaji hodari huweza kufika 70. Lakini kipande kile kile, mtutu ukiinuliwa, huenda mbali mno: maboksi mengi ya risasi hizi yameandikwa onyo la maili moja na nusu, yaani kama kilometa 2.4. Huo ni mwendo wa nusu saa wa mtoto aendaye shule. Tena, kwa kuwa ni laini, ya mwendo wa polepole, na kichwa chake ni mviringo, risasi hii ikigonga jiwe, au maji, au udongo uliokaushwa na jua, aghalabu haivunjiki, bali hudunda ikaenda upande usioutazamia.

Hapa ndipo Tarime na Serengeti zinapoachana. Tarime ni nchi ya milima na majabali. Mashamba ni madogo, migomba na kahawa huficha njia, na nyumba ziko juu ya mteremko na chini yake. Mtu wa Nyamwaga akilenga kuelekea juu, yuko mtu akaaye juu. Akilenga kuelekea chini, kuna mawe. Kwa maoni yetu, katika sehemu kama hizo raifoli ndogo haifai hata ikiwa nzuri namna gani. Mwenye haja kweli na aombe bunduki ya marisau, atumie marisau madogo kama ya namba 6. Hayo hayafiki mita 300, na nguvu yake hufa mapema. Ni kweli lazima umsogelee sungura mpaka mita 30 hivi. Lakini taabu hiyo ni yako peke yako, si ya jirani.

Kutoka Natta na Issenye kwenda Robanda, nchi ni wazi zaidi na miji imeachana. Huko raifoli ndogo yaweza kupata mahali pake, kwa sharti kwamba nyuma ya sungura kuna kitu cha kuizuia risasi. Kichuguu kikubwa ni kizuri kuliko ukuta wowote. Njia nyingine ni kupiga kutoka juu ya dungu, lile lile la kulindia mtama, kwa maana risasi hushuka ikazama katika udongo uliolimwa. Lakini angalieni: jambo hili ni kweli sungura akiwa karibu, mita 20 au 30. Akiwa mbali, risasi hufika karibu sambamba na ardhi, nayo huteleza kama jiwe juu ya maji. Nyuma ya mashamba hayo, tena, kuna wachungaji na ng'ombe ambao nyasi za masika huwaficha kabisa.

Mtu ambaye shamba lake limekubali, ndipo achague. Sisi twapendelea raifoli ya kuvuta bolti, yenye kutia risasi moja moja au yenye magazini ndogo. Ile inayojijaza yenyewe humfanya mpigaji apige ya pili kabla hajaona ya kwanza ilikokwenda. Zile za Brno, na baada yake za CZ kutoka Ucheki, zina sifa njema ya kudumu. Ukipewa ya mitumba, toa bolti, tazama ndani ya mtutu kuelekea mwangani: mifereji iwe na makali, pasiwe na vishimo vya kutu. Jaribu kifyatulio na kifunga usalama mara nyingi, bunduki ikiwa tupu. Kitako kisiwe kirefu kuliko mkono wako. Darubini ndogo inasaidia alfajiri, lakini haifai neno mtu asipokwenda kwanza mahali paliporuhusiwa akairekebisha kwa mita 50. Iliyorekebishwa hivyo, kwa mita 100 risasi itakuwa imeshuka sentimita 15 au zaidi, na huko humpati sungura ila kumjeruhi.

Wengine watauliza juu ya ndugu zake wenye nguvu. Iko "magnum" ya ishirini na mbili, iliyotoka mwaka 1959, na iko ile nyembamba ya kumi na saba, iliyotoka mwaka 2002. Hii ya mwisho hurusha kipande cha gramu 1.1 kwa mwendo wa mita zaidi ya 770 kwa sekunde, mara mbili ya ile ya kawaida, nacho hupasuka kikigusa ardhi, hivyo hakidundi sana. Kwa usalama ni jambo jema. Lakini ulizeni kwanza kama risasi zake zapatikana dukani, maana raifoli isiyo na risasi ni fimbo ya bei kubwa. Hata hizo zisitumiwe kwa nyani wala nguruwe mwitu. Mnyama huyo hatakufa. Atakwenda na jeraha lake, na pengine mama aendaye kuteka maji ndiye atakayekutana naye.

Neno moja juu ya risasi isiyolia, kwa sababu hutokea mara nyingi katika aina hii ya fataki. Usiifungue bolti mara moja. Uelekeze mtutu ardhini penye udongo laini, uhesabu nusu dakika nzima, ndipo uitoe.

Sasa twafika kwenye sheria, na hapa sisi watumishi twapaswa kusikiliza kuliko wengine. Sungura ni mnyamapori kama swala. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, iliyoshika mahali pa ile ya 1974, hairuhusu mtu kumwinda bila kibali, na kuwa na leseni ya bunduki si kuwa na kibali cha kuwinda. Haya ni makaratasi mawili. Basi kabla ya kununua, mtu amwendee Afisa Wanyamapori wa wilaya amweleze mnyama, shamba na silaha anayoifikiria. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na katika mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, hakuna mazungumzo ya sungura wala shamba. Kadhalika kuwinda usiku na kumulika wanyama kwa taa kumekatazwa.

Fikirini maana ya katazo hilo la usiku. Sungura hula usiku, nawe huruhusiwi kumpiga usiku. Zabaki dakika chache za alfajiri anaporudi kulala, na dakika chache za jioni anapotoka. Hizo ndizo saa ambazo watoto wako njiani kwenda shule, kina mama wako mtoni, na ng'ombe wanatolewa zizini au wanarudishwa. Karani mwenye bunduki hana saa nyingine. Ndiyo sababu twasisitiza kichuguu kuliko darubini.

Leseni yenyewe yafuata Sheria ya Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015. Maombi huanzia kwa serikali ya kijiji, hupita polisi na kamati ya usalama, na mwombaji hutakiwa kuwa na cheti kuonyesha ya kuwa anajua kutumia silaha. Wenzetu wa Tarime wasishangae wakiulizwa maswali mengi. Wilaya hiyo pamoja na Rorya ina Kanda Maalumu ya Polisi, na wizi wa ng'ombe ni sababu mojawapo. Nyumbani, bunduki na ikae katika kasha la chuma lililofungwa, na risasi mahali pengine, na ufunguo usiwe mkononi mwa kijana wa nyumba. Bunduki iliyoibiwa kwako itaandikwa jina lako popote itakapookotwa.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika fomu yoyote. Siku utakapokuwa na bunduki, kijiji kizima kitajua. Nyumbu watakapopita upande wa Ikoma na Robanda, kati ya Mei na Julai, jirani atakuja jioni na maneno matamu, na huenda ni mjomba wako, au mzee uliyetahiriwa pamoja na mwanawe. Atasema mmoja tu, wa watoto. Kumkatalia mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kulenga shabaha. Lakini mtumishi wa Serikali akishikwa na nyama ya nyumbu ana nyara za Serikali mkononi. Kazi, pensheni na jina vyote vimo mizanini, na bunduki aliyoinunua kwa ajili ya kunde itakuwa kielelezo mezani pa hakimu. Asiyejiona ana nguvu za kukataa, afadhali asianze kujaza fomu.

Kwa shamba dogo la kunde au karanga karibu na nyumba, sisi wenyewe twatumia wavu wa kuku, kimo cha kiuno, uliofukiwa chini shibiri moja na kupindwa kuelekea nje, kwa maana sungura husukuma penye nafasi, na kamendegere huchimba. Nguzo twaziweka kila hatua tatu, na juu twapitisha miiba ili mbuzi wasiuegemee. Wanachama wanaotaka hesabu ya wavu kwa nusu ekari watatuona baada ya chai.