Hati ya Kujifunza Udereva Si Ruhusa ya Kubeba Abiria

Barabara ya Taifa Nambari 3, itokayo Bujumbura na kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ndiyo darasa la kijana wa Rumonge anayejifunza udereva. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni milima. Katikati hupita malori, mabasi madogo, pikipiki, baiskeli zilizosheheni madumu ya mawese, na watoto watokao shuleni.

Kwa sababu ya hatari kama hizo, nchi nyingi humtaka mwanafunzi apate kwanza hati ya muda ya kujifunza. Katika nchi jirani ya Tanzania, hati hiyo hudumu miezi 3, na mwenye nayo hujifunza akiwa na mwalimu kando yake. Yafaa ieleweke kwamba hati ya namna hiyo ni ruhusa ya kujifunza tu. Si ruhusa ya kubeba abiria wala mizigo ya watu kwa malipo.

Hapana shaka kujifunza kuna vikwazo. Uhaba wa petroli ulioikumba Burundi katika miaka ya 2022 hadi 2024 ulionyesha jambo moja waziwazi: gari likilala bila mafuta, mwanafunzi halijui barabara, lakini siku za hati yake huzidi kuhesabika. Hapo ndipo kishawishi cha njia ya mkato huzuka. Anayenunua leseni amenunua karatasi. Ujuzi hauuzwi dirishani. Hivyo, kipimo cha mwanafunzi hakina budi kuwa saa alizoshika usukani, wala si siku zilizopita tangu alipoandikishwa. Gari likikosa mafuta, ajifunze alama na kanuni za barabara. Na hati ikikaribia kwisha, aombe nyingine mapema badala ya kuendesha bila kibali.

Aidha, tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, safari ya dereva wa Rumonge haina tena budi kuishia nyumbani. Akivuka mpaka wa Mugina kuingia Manyovu, mkoani Kigoma, hutoka katika nchi ambako magari hupita kulia na kuingia katika nchi ambako hupita kushoto. Dereva aliyefundwa barabara hubadili upande kwa utulivu. Aliyeruka mafunzo hufuata mazoea, na mazoea hayo humkutanisha na lori uso kwa uso.

Watu husema ajali haina kinga. Usemi huo usigeuzwe kuwa kisingizio cha uzembe. Mzazi, mwalimu wa udereva, mwenye gari na askari wa barabarani, kila mmoja ana wajibu wa kuhakikisha kuwa anayejifunza anajifunza kweli. Roho za abiria si vifaa vya mazoezi.