Kununua Gari Lililotumika
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa vikundi)

Vikundi vingi vimetuuliza hivi: mwenzetu amepata mgao wake wa akiba, anataka gari la kupeleka watoto shule na mboga sokoni. Atajuaje kwamba hauziwi ugonjwa? Haya, leo tuongee hayo.

Tuchukue Probox, maana ndizo zimejaa huku kwetu. Toyota walianza kuzitengeneza mwaka 2002, na kule Japani zilikusudiwa kubeba bidhaa. Spea zinapatikana hadi vijijini na kila fundi anazijua. Lakini kwa sababu ni gari gumu, watu hulifanyisha kazi ya punda. Kwa hivyo kabla rangi haijawapendeza, inameni mtazame chini upande wa nyuma. Mkikuta springi zimeongezwa ama nyuma imeinuliwa, hilo limebeba magunia ama miraa, wala si watoto wa shule.

Sasa neno kubwa. Mwambieni muuzaji mtafika asubuhi, na injini isiwashwe kabla yenu. Mkifika, wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa ni moto, rudini nyumbani, mje siku nyingine. Injini iliyochoka hujificha ikishapata moto. Ikiwa baridi ndipo inagoma kuwaka, inagonga, inatoa moshi. Moshi wa buluu, inakula oili. Moshi mweusi, inachoma petroli kupita kiasi. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, huo ndio wa kuogopa, kwa maana huenda gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia ndani. (Mvuke kidogo asubuhi ya baridi, kama kule Limuru, si kitu.)

Kabla ya kuwasha, fungueni kifuniko cha rejeta. Ikiwa moto msiguse kabisa, maji yatawaruka usoni! Mkiona mafuta yanaelea juu ya maji, ama mkichomoa kijiti cha kupimia oili mkute oili ina rangi ya chai ya maziwa, hapo msianze kuvutana bei. Ondokeni.

Kilomita nazo hurudishwa nyuma. Dashibodi ikisema 60,000 na mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma, sisi tungeamini pedali. Barabarani, kateni usukani hadi mwisho mkienda polepole. Mkisikia ka-ka-ka mbele, jointi zimekwisha. Tairi lililolika upande mmoja pia lina habari yake, pengine gari liligongwa likanyooshwa.

Nendeni na fundi wenu, na mumlipe ninyi. Yule anayeletwa na broka hatasema kitu, hata mumbembeleze.

Halafu karatasi. Msitoe hata shilingi ya kushika gari kabla hamjaliangalia kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina litakaloonekana lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na namba ya chesisi ilingane na ile iliyopigwa kwenye gari lenyewe. Tena muone kama kuna benki ama mkopeshaji ameandikwa pale. Wengi hukopa kwa logibuku, na wakishindwa kulipa, mwenye pesa huja kulichukua gari hata likiwa limelala kwako. Mama mjane aliyeweka akiba shilingi kwa shilingi atamlilia nani?

Kama ni gari la kikundi, amueni mapema litaandikwa kwa jina la nani, na iandikwe katika kitabu cha mikutano. Wengi huona haya kuuliza, halafu mwenyekiti akifariki watoto wake wanasema gari ni la baba.

Tena msimalize pesa zote kwa bei ya gari. Bakisheni za bima, oili mpya, filta na pengine tairi mbili.

Sasa tutoke nje. Gari lililotuleta limeshapoa, kila mmoja achomoe kijiti cha oili ajionee mwenyewe.