Betri ya Simu ya Mtumba: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa



Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo unafaa kukumbukwa mbele ya meza ya muuza simu. Simu iliyokwisha kutumika hupanguswa, hubadilishwa kioo, huvishwa kava jipya, ikang'aa kana kwamba imetoka kiwandani leo. Kisichoweza kung'arishwa ni betri.

Kwa mkazi wa Makumira simu si pambo. Mama auzaye ndizi sokoni Tengeru hupokelea malipo humo. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari huitwa kwa simu hiyo hiyo. Ikizimika saa hiyo, anayeumia si muuzaji.

Betri za simu za leo ni za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Wakati wa kuchaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine. Wakati wa matumizi hurejea. Kila safari baadhi ya chembe hunaswa zisirudi kazini. Kwa sababu hiyo betri huchakaa hata ikitunzwa vyema. Apple hueleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia ziliundwa zibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kamili 500 ya chaji. Kwa mtu amalizaye mzunguko mmoja kila siku, hiyo ni chini ya mwaka mmoja na nusu. Simu ya mtumba, basi, huenda imekwisha kulipita pito hilo kabla haijafika Arusha.

Betri iliyochakaa ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kupungua ujazo: betri ya mAh 4,000 iliyobaki na asilimia 70 ni sawa na ya mAh 2,800. Ya pili ni kushindwa kutoa nguvu nyingi kwa ghafla. Ndipo simu inayoonesha asilimia 25 huzimika mara kamera inapofunguliwa. Baridi ya Juni na Julai huku chini ya Mlima Meru huizidisha kasoro hiyo.

Mnunuzi afanye nini?

Kwanza, aiweke simu mezani, kioo kikiwa juu. Ikiyumba, au kioo kikiwa kimeinuka pembeni, huenda betri imevimba. Simu hiyo isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Pili, afungue mipangilio. iPhone huonesha asilimia ya uwezo uliobaki. Simu nyingi za Samsung zina kipimo ndani ya programu ya Samsung Members. Hata hivyo, vipo vifaa vya ufundi vinavyoweza kubadilisha tarakimu hizo, kwa hiyo zisiaminiwe peke yake.

Tatu, aitumie kwa nusu saa mbele ya muuzaji: video, kamera, kupiga simu. Chaji ikiporomoka kwa kuruka, au mgongo wa simu ukichemka, jibu limepatikana.

Nne, abonyeze *#06# apate namba ya IMEI, kisha aitume kwenda 15090. Huduma hiyo iliwekwa kuhakiki simu, na Watanzania wanakumbuka jinsi TCRA ilivyozizima simu bandia mwezi Juni 2016.

Tano, adai risiti, na dhamana iandikwe kwa siku, si kwa maneno ya mdomo. Gharama ya betri mpya iulizwe kwa fundi mapema na ijumlishwe katika bei. Mara nyingine simu ya bei ndogo huwa ndiyo ghali.

Baada ya kununua, joto ndilo adui mkuu. Simu isiachwe juani wala isichajiwe chini ya mto wa kulalia, hasa palipo na mtoto. Kuichaji kati ya asilimia 20 na 80 huirefushia maisha.

Betri iliyovimba isitobolewe, isibanwe, wala isichajiwe tena. Isitupwe shimoni wala kuchomwa pamoja na takataka za shamba, kwa kuwa huweza kulipuka, na moshi wake ni sumu. Iwekwe nje ya nyumba, katika chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na watoto, kisha ushauri utafutwe kwa Afisa Afya.

Nusu saa ya kupima mbele ya meza ya muuzaji haimgharimu mnunuzi kitu. Fedha za msimu mzima wa mavuno zikishatolewa, hazirudi kwa urahisi.