Dirisha Lifungwe kwa Makusudi: Chaguo-Msingi na Mikato ya Kibodi kwenye Kompyuta za Samuye



Kazi zinazopita kwenye steshenari zetu hapa Samuye tunazijua: mitihani ya majaribio, mihtasari ya vikao vya kijiji, barua za kuomba kazi, makaratasi ya wachimbaji wadogo wanaofuatilia leseni. Kompyuta moja hushikwa na watu wengi, na hakuna mwenye nafasi ya kufungua mipangilio. Ilivyokuja ndivyo inavyotumika. Kwa hiyo anayeweka chaguo-msingi anawaamulia wote hao, na naomba aanze kumfikiria yule atakayekosea.

Tuchukue Microsoft Word. Mchapaji akitaka kichwa cha mtihani kikae katikati, hubonyeza Ctrl+E. Herufi iliyopakana na E upande wa kushoto ni W, na Ctrl+W hufunga dirisha. Kidole kikiteleza wakati faili limeshahifadhiwa, dirisha linaondoka bila swali. Kama halijahifadhiwa, swali linakuja, lakini mwenye foleni ya wateja hujibu kabla hajasoma.

Amri za kukata, kunakili na kubandika zilitokana na kazi ya Larry Tesler na wenzake pale Xerox PARC, miaka ya 1970. Leo X imepakana na C, na kila siku watu hukata walichotaka kunakili. Hakuna anayepata hasara, maana Ctrl+Z iko hapo hapo na inarudisha. Dirisha lililofungwa ndilo halina Z yake. Vivinjari vya intaneti vimelimaliza hilo: Ctrl+Shift+T hurudisha ukurasa uliofungwa. Programu ya kuandikia isiyo na amri ya namna hiyo haina sababu ya kurahisisha ufungaji.

Emacs, programu ya tangu 1976, imelipanga vizuri zaidi. Ukibonyeza Ctrl+X kisha 0, dirisha linaondoka ila maandishi yanabaki. Ndivyo inavyotakiwa: dirisha ni pa kutazamia tu, maandishi ni mali ya mteja. Lakini Ctrl+X kisha 1 huondoa madirisha mengine yote kwa mkupuo, na winner-mode, inayoweza kurudisha mpangilio, huja ikiwa imezimwa. Ingepaswa kuja imewashwa.

Kugawa dirisha nako kuna shida yake. Mwalimu anayetunga mtihani anahitaji maswali juu na mwongozo wa usahihishaji chini. Kwenye Word, Ctrl+Alt+S hugawa dirisha na F6 humvusha upande wa pili. Ila kwenye laptopu nyingi, F6 bila Fn hugusa sauti au mwanga wa kioo. Mwalimu anaona amri haifanyi kazi, anarudi kuzungusha mausi juu na chini. Amri ya kila dakika isikae kwenye kitufe chenye kazi mbili.

Kwa mashine zetu napendekeza machache. Karatasi iwe A4, si Letter. Uhifadhi wa dharura, ambao Word huuweka kila dakika 10, uwe kila dakika 2, kwa jinsi umeme unavyokatika. Mikato mingine tusiiguse, kwa sababu mchapaji wetu akipata kazi Shinyanga mjini au Geita atakuta Word ya kawaida na vidole vyake viwe vimeizoea. Ctrl+W pekee iondolewe. Anayetaka kufunga kweli ana Ctrl+F4, na hapo ugumu wa Fn unatusaidia.