Freddie Mercury: Kinachobaki na Kinachopungua



Tarehe 24 Novemba 1991 Freddie Mercury alifariki dunia nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45. Siku moja kabla ya hapo alitoa taarifa fupi kwamba anaugua UKIMWI. Tangu siku ile watu wamezaliwa, wamekua na wameanza kulea watoto wao bila kupata kumwona jukwaani. Je, urithi wa mwimbaji wa roki hufifia kadiri miaka inavyokwenda? Jibu langu nalitoa mapema ili mpate muda wa kulipinga. Jina la Freddie halijafifia, wala sioni dalili kwamba litafifia karibuni. Kinachopungua ni upana wake. Tunabakiwa na nyimbo chache, masharubu na ngumi iliyoinuliwa juu, na huku nyuma mtu aliyekuwa na mengi kuliko hayo anatuponyoka.

Kwanza tuiache dhana kwamba muda ndio unaofuta majina. Wakati Freddie yu hai, bendi yake ya Queen ilikuwa tayari imeanza kusahauliwa Marekani. Mwaka 1980 walikuwa juu kabisa ya chati za huko. Baada ya ziara ya 1982 hawakurudi tena na Freddie kupiga Amerika Kaskazini. Alipofariki, vijana wengi wa huko walimhesabu kuwa msanii wa kaka zao. Kisha mwaka 1992 ikatoka filamu ya vichekesho, Wayne's World, yenye vijana ndani ya gari wakiimba "Bohemian Rhapsody" huku wakitikisa vichwa. Wimbo wa mwaka 1975 ukapanda hadi nafasi ya pili katika chati za Marekani. Uingereza nako ulikuwa umekwisha kurudi nafasi ya kwanza mwishoni mwa 1991, na ukawa umeongoza chati za Krismasi mara mbili, kwa rekodi ile ile, miaka kumi na sita mbali. Aliyekuwa akififia akiwa hai, alianza kung'aa upya akiwa marehemu.

Sasa mtazameni Marc Bolan wa bendi ya T. Rex. Mwaka 1971 na 1972 wasichana wa Uingereza walikuwa wakizimia kwa ajili yake, wakati Queen haijatoa hata albamu ya kwanza. Alifariki kwa ajali ya gari London mwezi Septemba 1977. Steve Took, aliyeanza naye, alifariki 1980. Steve Currie, mpiga besi wake, alifariki 1981, naye kwa ajali ya gari. Bolan hakusahauliwa, lakini ukilinganisha alivyovuma enzi zake na anavyosikika leo, pengo ni kubwa. Sidhani kwamba tofauti yote ya wawili hawa imo katika kipaji. Bolan alikosa watu wa kubaki nyuma yake na kuendelea kufanya kazi.

Freddie aliwapata. Wenzake Brian May na Roger Taylor hawakuifunga bendi. Tarehe 20 Aprili 1992 walisimamisha tamasha la kumuenzi pale Wembley, na mwaka huo huo ukaundwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kusaidia mapambano dhidi ya UKIMWI. Mwaka 1995 wakaitoa albamu ya Made in Heaven. Mwaka 2002 mchezo wa kuigiza wa nyimbo zao ulifunguliwa London, ukadumu jukwaani miaka kumi na miwili. Wamezunguka dunia na waimbaji Paul Rodgers, na baadaye Adam Lambert. John Deacon, mpiga besi, aliona imetosha na akajitenga mwaka 1997. Namheshimu kwa uamuzi huo, kwa sababu naye alikuwa anamlinda rafiki yake kwa njia yake. Nyuma ya yote haya kuna hakimiliki zilizoandikwa vizuri, kanda zilizotunzwa, na watu wanaolipwa kuzitunza. Mwezi Septemba 2023 vitu vya nyumbani kwake vilipigwa mnada Sotheby's, London. Piano yake ya Yamaha, ambayo alitungia "Bohemian Rhapsody", ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Kumbukumbu yenye thamani kama hiyo haiachwi ipotee hivi hivi.

Lakini hapo hapo ndipo upungufu unapoanzia. Anayetunza ili auze hutunza kile kinachouzika. Mkusanyo wa Greatest Hits wa mwaka 1981 ndio albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza, nakala zaidi ya milioni saba, na kwa mamilioni ya wasikilizaji Queen inaanzia na kuishia hapo. Ni wangapi wanaoijua "The March of the Black Queen", ya mwaka 1974, ambamo kijana huyu anajaza ndani ya dakika sita mawazo ambayo mwingine angeyatungia albamu nzima? Ni wangapi waliosikiliza kwa makini albamu ya Barcelona ya 1988, aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera kutoka Hispania, wakati washauri wa biashara ya roki hawakuona faida yake?

Filamu ya mwaka 2018 kuhusu maisha yake ilinisikitisha zaidi, ingawa natambua uzuri wa uigizaji wa Rami Malek na sina kinyongo na Oscar aliyopata. Filamu inaonyesha bendi imevunjika, kisha inarudiana kwa ajili ya tamasha la Live Aid pale Wembley, na Freddie anawaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya kupanda jukwaani siku ile ya tarehe 13 Julai 1985. Haikuwa hivyo. Queen ilikuwa imemaliza ziara mwezi Mei mwaka ule ule. Kwa maelezo ya walio karibu naye, aligunduliwa kuwa na virusi mwaka 1987. Sasa kijana aliyeiona filamu anazitazama zile dakika 21 za Wembley kama kwaheri ya mgonjwa. Anaona huzuni pale ambapo palikuwa na ufundi. Wale walifanya mazoezi kwa saa ya ukutani, wakazikata nyimbo zao ili zienee katika muda waliopewa, na Freddie akauongoza umati wa watu 72,000 kwa kuwatupia sauti nao waitikie, kama manju wa ngoma anayewajua wachezaji wake. Alikuwa mtu mwenye furaha kazini. Kumvisha mauti kabla ya wakati wake ni kumpunguza.

Nikitaka kumsikia akiwa katika mauti kweli, nasikiliza "Mother Love". Ilirekodiwa mwezi Mei 1991 huko Montreux, Uswisi, katika studio iliyokuwa mali ya bendi. Brian May ameeleza walivyofanya: yeye anaandika maneno kwenye karatasi, Freddie anasimama kwenye maikrofoni na kuyaimba ubeti kwa ubeti, kwa sababu nguvu za kusubiri wimbo ukamilike hakuwa nazo. Walipofika ubeti wa mwisho akasema amechoka, anakwenda kupumzika, atarudi kuumalizia. Hakurudi. Katika rekodi iliyotoka 1995, ubeti wa mwisho unaimbwa na May. Sikilizeni mahali sauti zinapobadilishana. Katikati ya wimbo, ile sauti ya mgonjwa inapanda juu na kushika noti ambayo mtu mzima wa afya angeiogopa. Watafiti wa sauti waliompima kupitia mahojiano na rekodi zake, mwaka 2016, walisema kwa jinsi alivyoongea huenda kiasili alikuwa na sauti nzito ya kati, na kule juu alikofika alipafikia kwa ufundi. Wimbo huu haupigwi viwanjani. Hauna pa kupigia makofi. Unabaki hai iwapo tu kuna mtu atakayemwambia mwenzake akae chini ausikilize.

Na sisi huku Unguja? Freddie alizaliwa Mji Mkongwe kwa jina la Farrokh Bulsara, tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, baba yake Bomi akiwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na umri wa miaka minane hivi, akarudi Unguja 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, Uingereza. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa hapa ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa na jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho, ikafutwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake likafunguliwa Shangani. Yapo maoni mazito pande zote mbili, na siwadharau waliopinga. Lakini hakuna anayegombana juu ya mtu aliyesahauliwa. Linalonisumbua ni kwamba katika ugomvi wote huo tumezungumzia maisha yake ya London, na ya Unguja hatujayaandika.

Tuna mfano wa kututisha. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akawa sauti ya pwani nzima, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Alifariki 1950 hapa Unguja, Farrokh akiwa mtoto mdogo mjini. Jina la Siti kila mwanafunzi hapa analijua. Sauti yake ni wachache walioisikia, kwa kuwa santuri zile hazikupata wa kuzitunza kama kanda za Queen zilivyotunzwa. Kwake jina limebaki na sauti imepungua. Kwa Freddie sauti imebaki na mtu amepungua.

Kwa hiyo nina ombi kwa idara za historia na muziki za chuo hiki. Vijana waliokaa darasani na Farrokh mwaka 1963, majirani wa Shangani, jamaa za Waparsi waliotawanyika Dar es Salaam, Mumbai na London, walio hai leo wanakaribia miaka themanini au wameivuka. Wanajua redio ipi ilisikika barazani, sinema zipi zilionyeshwa, nani alikuwa na piano nyumbani. Mahojiano hayo yanahitaji kinasa sauti, nauli, na wanafunzi wanaojua kusikiliza wazee. Ningependa tuyaanze muhula huu.