Chakula cha Wapitao: Mazungumzo juu ya Wanawake wa La Patrona



Tumetakiwa kusema maneno machache juu ya kazi ya hisani ifanywayo na vyama vya wanawake katika vijiji vyao. Tulipoanza kuyatengeneza mazungumzo haya tulikuwa na nia ya kueleza habari za chama kimoja cha karibu, tena tunachokijua vema. Lakini sisi ni makarani, na karani hujifunza kwa miaka ya kukaa mezani ya kwamba ukisifu chama cha kata moja, siku ya pili watu wa kata ya jirani huja mlangoni kuuliza wao wamekosa nini. Kwa hiyo tumeona afadhali twende mbali, hata nchi ya Meksiko, ambako hakuna mtu wa kutununia.

Huko Meksiko, katika jimbo la Veracruz, karibu na mji wa Córdoba, kiko kijiji kidogo kiitwacho La Patrona. Watu wake ni wakulima, na mashamba ya miwa na ya kahawa yamekizunguka. Reli hupita hapo kijijini, na juu ya reli hiyo huenda magari ya moshi ya mizigo (twayaita hivyo kama tulivyozoea, ingawa siku hizi huenda kwa mafuta) yakitoka kusini kwenda kaskazini. Magari hayo hayachukui abiria. Lakini kwa miaka mingi watu wamepanda juu ya mapaa ya mabehewa na katikati ya behewa na behewa, wengi wao vijana wa Honduras, Guatemala na El Salvador, waliokimbia umaskini na magenge ya wauaji, wakitaka kufika Marekani kutafuta kazi. Hawana hati wala nauli, na kila mmoja ajua ya kuwa akisinzia ataanguka. Wengi wameanguka, wengine walikufa pale pale, wengine walikatwa miguu. Kwa sababu hiyo wasafiri wamelipa gari hilo jina la La Bestia, maana yake Mnyama Mkali.

Siku moja ya mwezi wa Februari, mwaka wa 1995, mabinti wawili wa nyumba ya Romero walikuwa wakitoka dukani kununua mkate na maziwa ya chakula cha asubuhi. Wakakuta gari linapita, wakasimama kando ya reli kulingoja limalizike. Toka behewa la kwanza wakasikia watu wakiwaita mama, wakisema wana njaa. Behewa lililofuata, maneno yakawa yale yale. Mabinti wakatazamana, kisha wakarusha mkate, wakarusha na maziwa, gari likaenda zake.

Basi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kila mmoja wetu aliyepata kutumwa dukani na mama yake ajua jinsi miguu inavyokuwa mizito katika safari ya kurudi namna hiyo. Walidhani watagombezwa. Lakini mama yao, Bibi Leonida Vázquez, hakuwagombeza. Jamaa wa nyumba ile waliketi kushauriana, na shauri likawa kupika wali na maharagwe, kuyafunga mafungu kadiri ya uwezo wao, na kwenda kuwangoja watu wale relini. Mafungu ya siku za kwanza yalikuwa yapata 30.

Twaomba mwangalie ya kuwa kazi hii ilianza bila mkutano, bila mwenyekiti na bila daftari. Nasi twasema hivyo ingawa daftari ndilo linalotulisha. Ilianza kwa mkate uliokuwa wao wenyewe, tena uliokuwa na watu wakiungoja nyumbani. Hata jina hawakujitafutia. Watu ndio waliowaita Las Patronas, kwa jina la kijiji chao.

Tena mwanzoni hawakujua watu wale ni akina nani. Walidhani ni watu wa Meksiko wenzao wanaosafiri bure. Walikuja kuwatambua kwa matamshi yao, kama sisi tunavyomtambua mtu wa pwani au wa bara kabla hajamaliza salamu. Ndipo walipojua ya kuwa ni wageni waliokwisha kuvuka mpaka mmoja au miwili, na mbele yao safari ingali ndefu.

Sasa tueleze namna ya kazi yenyewe, maana watu wengi hudhani ya kwamba hisani ni moyo tu. Gari halisimami. Saa zake hazijulikani. Huweza kupita adhuhuri au usiku wa manane. Wanawake hupika asubuhi wali na maharagwe, pamoja na mikate myembamba ya mahindi iitwayo tortilla, wakaufunga kila mlo katika mfuko wa plastiki wenye fundo la kushikika. Husikiliza honi. Ikilia kwa mbali, huacha kila kitu, wakapakia makreti katika toroli na kukimbia nayo hadi relini, wakajipanga mstari, mmoja hapa na mwenzake mbele kidogo, ili aliyekosa kwa wa kwanza apate kwa wa pili. Huinua mikono na mifuko inaning'inia, na wale wa garini hujinyosha kutoka ngazini na kunyakua. Upepo wa gari huwavuta, na anayesimama karibu mno aweza kuburutwa.

Ama maji, hayo ndiyo yaliyowasumbua zaidi. Chupa moja iliyojaa maji huteleza mkononi, na ikirushwa yaweza kumpiga mtu kama jiwe. Basi hukusanya chupa tupu za soda, wakaziosha, wakazijaza, kisha wakazifunga mbili mbili kwa kamba. Chupa mbili zilizofungwa huning'inia. Kidole kimoja kikinasa kamba, zote mbili zimepatikana. Waalimu, mwaweza kuwauliza watoto shuleni kwa nini chupa ni mbili, wala si moja au tatu, na mkaona ni nani atakayejibu. Sisi tuliposoma habari hii mara ya kwanza tuliirudia hapo kwenye chupa, tukaona ya kuwa mtu aliyebuni jambo hilo aliwafikiria wale watu hata akaona vidole vyao.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa La Patrona hata dakika mbili hawakai. Hakuna kushukuriwa kwa kirefu. Sauti moja tu hutoka juu ya gari, nayo huchukuliwa na upepo. Wapikaji hawajui majina ya waliokula, wala hawapati habari kama walifika. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2010 watu 72 wa namna hii, waume kwa wake, waliuawa pamoja huko San Fernando, kaskazini mwa nchi ile, na majambazi waliowateka njiani. Fikirini mwanamke apikaye kila siku akisikia habari hizo, asijue kama kuna hata mmoja aliyeshika mfuko wake.

Kuna na habari ya sheria, nayo yatuhusu sisi watu wa ofisi. Kwa miaka mingi sheria ya Meksiko haikupambanua vema kati ya mtu apitishaye wageni kwa fedha na mtu awapaye chakula kwa huruma, hata wenye huruma wakaishi na hofu ya kushtakiwa pamoja na wafanya biashara. Wanawake wale waliendelea kupika hivyo hivyo. Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka wa 2011 ndipo sheria mpya ilipotolewa, na ndani yake ikaandikwa ya kwamba kumsaidia msafiri kwa huruma tu, pasipo kutaka faida, si kosa. Toka mkate ule wa kwanza ilikuwa imepita miaka 16. Desemba mwaka wa 2013 mmoja wao, Bibi Norma Romero, ambaye ndiye asemaye kwa niaba ya wenzake, alipokea Tuzo ya Taifa ya Haki za Binadamu kutoka kwa Rais Enrique Peña Nieto. Sifa ilikuwa njema, wala hatuidharau. Lakini ilifika wakati wali umekwisha kupikwa kwa miaka 18.

Wanawake hao ni wachache, yapata 14, na wengi ni jamaa. Chakula kingi sasa hutokana na watu waliowasikia: huyu huleta gunia la maharagwe, yule mchele, na maduka makubwa ya mjini Córdoba huwapa mikate iliyobaki. Lakini yuko msaidizi mwingine tunayetaka kumtaja hasa mbele ya machifu, naye ni dereva wa gari. Hana ruhusa ya kusimama, na mzigo una saa zake. Hata hivyo wako madereva ambao wakikaribia La Patrona hupiga honi mapema na kupunguza mwendo. Hawapiki, hawarushi, wala hawaulizi kiasi gani kimetolewa. Wako na wengine ambao hawapunguzi kamwe, na siku hiyo mifuko mingi huanguka kwenye kokoto.

Machifu, hapa twakiri ya kuwa ile sababu tuliyoitoa mwanzo, ya kuogopa kununiwa na kata ya jirani, haikuwa sababu yote. Miaka iliyopita, mahali ambapo hatutapataja, palikuwa na akina mama waliokuwa wakipeleka chakula kwa wagonjwa wasio na jamaa. Kila mmoja alileta kikombe cha mchele kila juma, na mchele uliwekwa nyumbani kwa mmoja wao. Ikatokea ya kuwa mgeni mkubwa yuaja, na juu ikatoka amri ya kwamba chama cha akina mama kije kupika na kuimba. Barua ya kuwaita tuliiandika sisi. Tuliiandika vizuri, tena kwa heshima zote, na hatukuona neno. Wakaja na sufuria zao na kuni zao, wakapika, wakaimba juani hata saa tisa, mgeni akasema maneno mazuri na kuondoka.

Baadaye tulikuwa tukikagua vitabu vya vyama, kama ilivyo kazi yetu, tukafika kwenye kitabu chao. Mwandishi wao, mama mmoja aliyesoma kidogo tu, alikuwa ameandika kwa penseli: mchele, kilo 12, wageni. Mstari uliofuata, mahali pa chakula cha wagonjwa kwa juma lile, palikuwa patupu. Hakuna aliyelalamika, si mdomoni wala kwa maandishi. Tukatia sahihi chini ya ukurasa kwa kuwa hesabu ilikuwa sawa, nayo ilikuwa sawa kweli, hata kilo moja haikupotea.

Tangu siku ile tumeona jambo hilo mara nyingi, katika mahali pengi, wala si kosa la mtu mmoja. Akina mama wana umoja, wana sufuria, wanajua kupika kwa watu mia, na wakiitwa huja. Kwa hiyo huitwa. Aitaye huona amewapa heshima, na pengine wao wenyewe huona hivyo kwa siku ile. Lakini mgonjwa yule kitandani hakualikwa karamuni. Twawaomba machifu, barua ya namna ile ikiletwa mbele yenu ili mtie muhuri, mwulize kwanza mchele utatoka wapi. Na ninyi waalimu, ambao mara nyingi ndio mnaowasaidia akina mama kuandika vitabu vyao, mwafundishe kuacha ukurasa wa wagonjwa peke yake, usichanganywe na wa wageni. Nasi makarani tutajitahidi kuandika barua chache zaidi.

Turudi La Patrona tumalize. Mwezi wa Julai mwaka wa 2014 serikali ya Meksiko ilianzisha mpango wa kuwazuia wasafiri katika mipaka ya kusini. Magari yakaongezwa mwendo, walinzi wakaongezwa, na watu juu ya mapaa wakapungua. Njaa yenyewe haikupungua. Wengi walianza kwenda kwa miguu, wakipitia vichochoro vya hatari zaidi. Wanawake wakawa na mahali karibu na reli pa kuwalaza wanaofika wakitembea, wapate kuoga, kuosha majeraha na kulala usiku mmoja. Mwezi wa Februari mwaka wa 2025 ilitimia miaka 30 toka asubuhi ile ya mkate na maziwa, na waliokuwa mabinti wakati ule wamekuwa watu wazima.

Magari hayana watu wengi kama zamani, na hakuna ajuaye kabla ya honi kulia kama lile lijalo lina watu au ni tupu. Chungu huwekwa motoni vivyo hivyo.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize.